Nilimwambia Mke Wangu Avute Tena

Nimekosa, na kosa hili sina mtu wa kumbebesha. Usihangaike kutafuta jina langu. Ninauza chakula cha mifugo mjini Kitale, na ukinijua utaanza kununua kwa jirani yangu, na utakuwa na haki.

Nakuambia wewe kwa sababu hunijui. Wanaonijua wananisifu, na hilo ndilo linaloniua! Wangenitukana ningepata usingizi.

Mimi ni mkaaji wa Matisi, pembeni mwa mji huohuo, nina mke na watoto, na kwa muda mrefu nilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Wenzangu wana ugonjwa wa pombe, wengine wa kamari. Wangu ulikuwa fowili. Nasema yale magari ya juu ambayo magurudumu yote manne yanavuta, ya kupanda milima na kulala porini. Nikifunga duka naketi juu ya gunia la pumba, natoa simu, naangalia picha za watu waliopiga hema kando ya gari lao, moto unawaka, birika ya chai iko juu ya mawe. Nikawa nasema moyoni, mlima wenyewe uko hapa nyuma ya nyumba yangu, halafu wanakuja kuufaidi watu wa mbali!

Nikapanga kununua fowili kuukuu, la bei ya mtu wa kawaida kama mimi, niwe nikipeleka wageni Mlima Elgon wikendi. Waone mapango, walale kwenye hema, asubuhi niwapikie chai. Haikuwa ndoto mbaya. Hata leo nikiwa hivi nilivyo, bado nasema haikuwa mbaya.

Mke wangu, nitamwita Nekesa, hema hakuitaka hata kuisikia. Aliniuliza mtu mwenye kitanda kizuri anaendaje kulala chini kwa hiari yake. Lakini yeye pia alikuwa na shida yake, na shida yake ilikuwa na maana kuliko yangu. Alikuwa na mama.

Mama mkwe wangu anaishi juu ya mji mdogo wa Cheptais, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, mahali ambapo familia yao ilinunua shamba zamani. Jua likiwaka, bodaboda inakufikisha mpaka mlangoni. Mvua ikinyesha, ule udongo unakuwa sabuni. Njia ni nyembamba, kingo pande zote mbili, kahawa huku na migomba kule, na hata vijana wa boda ambao hawaogopi kitu wanakuambia shuka, tembea. Na mama huyo ana presha. Kila mawingu yakikusanyika upande wa mlima, nilimwona Nekesa akisimama mlangoni na kutazama huko.

Kwa hiyo aliponiambia kwamba ataongeza pesa zake za mahindi kwenye gari langu, alitoa sharti moja. Alisema, "Mimi kuendesha najua, mambo ya vyuma sijui. Nataka tu mvua ikinyesha ifike kwa mama, na irudi na yeye ndani."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nikaapa kwa jina la marehemu baba yangu.

Niliyatafuta magari wiki nyingi, mwishowe nikabaki na mawili, yote Bungoma, na bei zake hazikupishana sana.

La kwanza lilikuwa la mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kilimo. Jamani, lile gari lilikuwa na sura mbaya! Refu, milango mitano, rangi ya maharagwe yaliyolala. Viti vimechanika, ndani kunanuka mbuzi. Lakini mzee alinipeleka mpaka mtoni, pale watu wanapochota mchanga, akaliingiza kwenye matope mpaka nikadhani tutalala huko. Akavuta gia ndogo, ile inayokaa kando ya gia kubwa na kuyaamsha magurudumu ya mbele, gari likatoka polepole bila kelele. Kisha akaniambia nilale chini nitazame mwenyewe. Nikalala. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mzee akasema kwamba gari lake si la kupigia picha, ila halijawahi kumwacha njiani.

La pili lilikuwa kwenye yadi ya magari karibu na soko. Nilipoliona moyo ulisimama. Fupi, jeusi, milango miwili, matairi mapana, keria juu na ngazi nyuma ya kupandia. Lilikuwa na lile bomba linalopanda kando ya kioo ili injini ipumue kwenye maji, na taa zimepangwa juu ya paa kama meno. Lilikuwa ndilo gari la zile picha zangu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo utakaponihukumu. Sikudanganywa! Ningependa kukuambia kwamba yule muuzaji alikuwa tapeli, lakini kijana yule alikuwa mkweli kuliko mimi. Alinivuta kando akaniambia, "Boss, si nikuambie tu ukweli. Propela ya mbele ilitolewa. Mwenyewe alikuwa anasema ati inakula mafuta. Saa hii inavuta nyuma peke yake. Lakini hiyo ni kitu ya kurudisha tu, bana."

Kama hujui propela, ni ule mkono wa chuma unaopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu. Ile ya mbele ikitolewa, fowili ni gari la kawaida lililovaa viatu vikubwa. Na huku kwetu jambo hilo limezoeleka sana. Mtu ananunua fowili kuukuu, anaona mafuta yanaisha upesi, anampelekea fundi wa jua kali, propela inafunguliwa. Inawekwa chini ya kitanda ikingoja siku ya shida. Baadaye wanaokusanya vyuma wanapita, inauzwa, na siku ya shida inakuta kitanda kitupu.

Hayo yote niliyajua. Nikasimama pale na kufikiri, si juu ya Cheptais, la. Nilifikiri juu ya Jumapili. Nilijiona nikiingia uani mwa kanisa na lile jeusi, halafu nikajiona nikiingia na lile la maharagwe. Nikachukua jeusi.

Nekesa aliponiuliza kama fowili inafanya kazi, nilimwambia ni moto. Akataka aone. Nikamwingiza garini, tukiwa hapohapo nyumbani Matisi, nikavuta ile gia ndogo mbele yake. Ikalia kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya kitu kinachoshika. Haikushika kitu. Mke wangu alicheka kwa furaha, akatoa simu akampigia mama yake, akamwambia kwamba siku za kuogopa mvua zimekwisha.

Nilikusudia kuirudisha propela, nakuapia. Nilienda kwa fundi, akalala chini, akatoka na habari mbaya. Si propela peke yake, hata meno ya ndani ya ekseli ya mbele yalikuwa yametolewa. Vyuma vya gari la zamani hivyo lazima vitafutwe mbali, na si rahisi. Nikamwambia nitarudi baada ya mavuno. Unajua nilinunua nini badala yake? Hema! Hema, meza ya kukunja, na taa ya kuning'iniza.

Kiangazi kile nilikuwa mfalme. Niliwapeleka marafiki wa kanisani mpaka karibu na lango la msitu, barabara kavu, vumbi tupu, tukalala kwenye hema na kuchoma mahindi. Kila mtu alipiga picha akiegemea gari. Mvua zilipoanza nikawa na sababu zangu. Leo matairi ni mapya sitaki yachafuke, kesho betri inasumbua. Nekesa hakushuku kitu. Kwa nini ashuku? Alikuwa ameisikia ile sauti kwa masikio yake.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima nikueleze kuhusu mimi na mama mkwe, la sivyo hutaelewa uchafu wangu.

Kwetu sisi Wabukusu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Simshiki mkono. Sili naye. Siketi naye mahali pamoja, sembuse kubanana naye ndani ya gari. Nikionekana njiani anapita kando, nami natazama chini. Siku hizi wengi wamelegeza, mjini wengine wanakumbatiana kabisa, lakini sisi tulikuwa tumeishika mila hiyo wote wawili, na usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa namna yetu ya kupendana.

Nikienda kwao nilikuwa naketi kwenye kibao nje, karibu na ukuta wa jikoni, naye akiwa ndani upande wa pili. Tunaongea kupitia ukuta. Ananiuliza kama ng'ombe wa wateja wangu hawajambo, ananiambia vitunguu vyake vimekataa mwaka huu. Alikuwa mcheshi mno! Aliwahi kuniambia kwamba sauti yangu imenenepa, kwa hiyo binti yake ananilisha vizuri. Kisha sahani ya kuku inatolewa mlangoni na mtu mwingine, na firigisi daima iko juu kabisa, ya mkwe. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuuona uso wake vizuri. Naijua sauti yake tu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mimi na Nekesa tulikuwa Bungoma. Tulikuwa tumekuja na gari kuchukua chumvi ya ng'ombe ya kuuza dukani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ilikuwa bado inanyesha upande wa mlima. Simu yangu ikalia. Alikuwa Simiyu, kaka yake Nekesa, yule anayekaa pale nyumbani na mama.

"Shemeji," akasema, "mama ameanguka hapa jikoni. Mdomo umeenda upande. Mkono moja haishiki kitu. Boda zimekataa kupanda. Kuja na ile gari."

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Ilikuwa sentensi moja tu, kwamba Simiyu, gari langu halipandi, tafuta njia nyingine. Mdomo ulikuwa wangu, simu ilikuwa sikioni. Badala yake nikasikia sauti yangu, imetulia, ya mtu mwenye busara, ikisema, "Simiyu, mimi ni mkwe. Nitambebaje mama kwa gari ndogo namna hii, tukae bega kwa bega? Mtasema nini kesho?"

Nilijificha nyuma ya mila! Mila ambayo ilikuwa kitu kizuri kati yangu na yule mama, nikaifanya mlango wa kujifichia.

Simiyu akasema amenisikia. Akasema kuna jirani yao mwenye trekta, yuko shamba la ng'ambo anavuta magogo, basi atatuma mtu amwite. Na trekta lile lingefika. Hilo nalijua sasa na nililijua wakati ule. Lingemteremsha mama mpaka Cheptais, na kutoka Cheptais magari yapo.

Nekesa alikuwa amesimama kando yangu na mfuko wa chumvi mikononi. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliuweka mfuko chini taratibu.

"Mama alishaongea hayo," akaniambia. "Alisema nikizidiwa, mnifunike shuka, mnilaze nyuma, mkwe wangu asinione. Shuka yenyewe aliiweka kando tangu ulinunua gari."

Nikababaika, nikataja sijui wazee, sijui ukoo wetu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi baki na mila yako. Nipe funguo, naendesha mimi."

Nekesa ni dereva mzuri kunishinda. Nikatoa funguo mfukoni nikampa. Nilimpa! Na alipokuwa akifungua mlango alikuwa tayari ameshampigia kaka yake, na nilisikia kwa masikio yangu akimwambia, "Usisumbue mtu wa trekta. Nakuja na gari, iko na fowili. Mfunikeni mama, mningoje."

Nilisikia. Nikanyamaza.

Gari likaondoka na magunia ya chumvi yakabaki nami kando ya barabara. Unataka kujua nilihisi nini? Mwanzoni nilipumua. Ndiyo, nilihisi nafuu, kwa sababu hakuna aliyejua. Nikaanza kuomba. Nilimwomba Mungu azuie mvua, akaushe njia, ayashike yale magurudumu ya nyuma kwa mkono wake. Yaani nilitaka Mungu awe propela. Dakika yoyote katika safari ile ningeweza kupiga simu nikamwambia mke wangu ampigie mwenye trekta. Nilikuwa na chaji, nilikuwa na salio. Nilikaa juu ya gunia la chumvi na kutazama simu.

Ikalia yenyewe. Nikasikia injini ikinguruma na matope yakipiga chini ya gari. Nekesa alikuwa amepita Cheptais, alikuwa ameanza kupanda ile njia ya kwao.

"Fowili haishiki," akasema. "Nimevuta gia, gari inarudi nyuma. Nifanye nini?"

Na mimi nikamwambia, "Vuta tena."

Nikamsikia akivuta. Niliisikia ile sauti nzuri kwenye simu, kisha injini ikalia kwa nguvu, kisha Nekesa akapiga kelele kidogo na simu ikakatika.

Gari liliteleza likakaa njia nzima. Pua yake ilichoma kwenye ukingo mmoja na matako yakabana kwenye ukingo wa pili, mahali ambapo njia ni nyembamba kuliko kwingine kote. Mke wangu alitoka salama, ashukuriwe Mungu. Lakini hakuna kitu kilichoweza kupita hapo tena. Wakatuma mtu mbio akamlete yule mwenye trekta, akaacha kazi yake, akaja kutoka juu, akafika akakuta gari langu limefunga njia kama lango, limebana mno hata trekta halikuweza kuling'oa siku ile.

Vijana walikusanyika kusukuma. Mmoja wao akainama kutazama chini, akamwambia Nekesa, kwa upole tu, maana alidhani ni jambo analolijua, "Mama, hapa mbele hakuna propela."

Hayo sikuyaona. Aliniambia Nekesa baadaye, bila kulia, akiwa anakunja nguo. Alisema alisimama kwenye mvua akaikumbuka siku ile nilipomvutia gia uani Matisi, na jinsi alivyocheka.

Mama alibebwa na watu. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakamfunika ile shuka, wakapita naye kwenye migomba ya watu mpaka chini, wakiteleza, wakimshusha kupumzika, wakimwinua tena. Saa zilikwenda. Walipomfikisha hospitalini Bungoma mimi nilikuwa nangoja mlangoni, na walipompitisha niligeuza uso ukutani nisimwone. Ndivyo inavyotakiwa. Shangazi yake Nekesa aliniona nimegeuka, na baadaye akawaambia watu kwamba mkwe kama huyu ni wa zamani, hata kwenye msiba anajua kuheshimu. Jamani! Nilitamani ukuta unimeze.

Daktari alituambia ni kiharusi. Akauliza kwa nini tulichelewa, na akasema kwa ugonjwa huu kuwahi kunasaidia sana. Nekesa alitazama sakafu. Nilingoja aseme, nilingoja anigeukie anitaje mbele ya kaka yake. Hakusema siku ile na hajasema mpaka leo. Familia yao yote inajua kwamba nilikataa kwenda kwa sababu ya heshima, na kwamba gari liliharibika kwa bahati mbaya. Simiyu alinishika bega akaniambia nisijilaumu.

Mama aliishi. Lakini upande wake wa kulia haufanyi kazi, na sauti yake imekwenda. Ile sauti niliyoijua mimi, kitu pekee nilichokuwa nacho cha yule mama, haipo. Haongei hata neno.

Nekesa alihamia Cheptais kumtunza. Aliniambia anakaa mpaka mama apate nafuu, na watoto nikabaki nao. Nilimwomba msamaha kwa kila njia. Nililia mbele yake kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Si mimi wa kuombwa. Enda umwambie mama mwenyewe."

Na hapo ndipo nimekwama, ndugu yangu. Nitamwambiaje? Siwezi kuingia chumbani kwake. Siwezi kupiga magoti kando ya kitanda chake na kumshika ule mkono usiofanya kazi. Mila ileile niliyoitumia kama kisingizio sasa imesimama mlangoni kweli, na nikiivunja leo kwa ajili ya kuutuliza moyo wangu, wataniuliza kwa nini sikuivunja siku ya kumwokoa.

Nilibakiwa na ukuta wa jikoni. Mwezi uliopita nilipanda kwa bodaboda, njia ilikuwa kavu. Nilipita pale kwa jirani ambako lile gari lilivutwa likaachwa. Kuku wanalala ndani yake. Nekesa hataki liondolewe, na mimi sina uso wa kumwuliza kwa nini. Nikafika, nikaketi kwenye kibao changu. Nikasikia wakimleta mama na kumkalisha upande wa pili, kwa sababu Nekesa aliwaambia nimekuja kuongea naye. Akawatoa watu wote. Akaenda yeye mwenyewe mpaka kwenye kahawa, akaniachia nafasi.

Nikasema, "Mama, hujambo."

Nilisikia tu anavyovuta pumzi.

Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Kitale. Mama, gari halikuwa na kitu mbele. Nilijua. Nilimwacha binti yako apande nalo, na wewe ukingoja chini ya shuka. Nikafungua mdomo, nikamwambia ng'ombe wa wateja hawajambo. Nikamwambia mvua imekuwa nzuri upande wa Kitale na mahindi yamesimama vizuri. Niliongea juu ya mahindi! Kisha habari za mahindi zikaisha, na pumzi yake ikaendelea kusikika upande wa pili wa ukuta.

Baada ya muda Simiyu alirudi, akaingia jikoni, akatoka na sahani. Akanionyesha akitabasamu, machozi yamemjaa. Alisema wao walikuwa wamesahau kunichinjia kuku, lakini tangu asubuhi aliposikia ninakuja, mama alikuwa anaonyesha kwa mkono wa kushoto, anaonyesha sufuria, anaonyesha nje niliko, mpaka wakamwelewa. Ilikuwa kuku. Na juu kabisa, ya mkwe, ilikuwa firigisi.

Nikala. Nilikula yote, mama akinisikiliza nikitafuna. Nekesa alirudi kutoka kwenye kahawa, akaiona sahani, akanitazama usoni, akajua kwamba sikusema. Akaingia ndani bila kuniaga.

Kwa hiyo nakuambia wewe nisiyekujua, kwa sababu nimeshindwa kumwambia anayestahili. Labda nikishaweza hapa nitaweza na pale. Nitapanda tena. Naogopa kwamba nitamkuta hayupo.

Nawe unayetafuta fowili kuukuu la kupandia milima na kulalia nje, tafadhali, usinunue kwa macho. Lile la mbuzi, lenye rangi ya kuchekesha, liendee. Lala chini kwenye matope utazame vyuma, mwombe mwenyewe alitumbukize mahali pabaya ulione likitoka. Keria na taa utaongeza ukitaka. Na usiitoe propela kwa ajili ya mafuta, hata kama kila mtu anafanya hivyo.

Lakini hata ukikosea, hata ukinunua kiatu kikubwa kisicho na kitu ndani, kosa hilo bado ni dogo. Mwambie mkeo siku hiyohiyo. Atakasirika, atakununia, mtakula ugali kimya wiki nzima, yataisha. Usimwonyeshe gia isiyoshika ukafurahi akicheka. Na siku akikupigia simu kutoka mlimani akuulize afanye nini, usimwambie avute tena.